Jinsi ya Kukagua Utayari wa Mwendeshaji wa Bomba kwa Umwagikaji wa Mafuta Ghafi Mazito: Mwongozo Kamili kwa Wadhibiti na Maafisa wa Wilaya

Mtu aliyekulia katika nchi ya wafugaji, kama Sembabule au Lwengo nchini Uganda, anaijua tabia ya samli: alfajiri imeganda ndani ya chombo, na jua likishapanda inatiririka kama maji. Mafuta ghafi ya Bonde la Albertine, magharibi mwa nchi hiyo, yana tabia inayokaribiana na hiyo. Yamejaa nta, na joto lake likishuka chini ya takriban nyuzi 40 huanza kuganda. Kwa sababu hiyo EACOP, yaani bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Kabaale wilayani Hoima hadi rasi ya Chongoleani karibu na Tanga, limesanifiwa likiwa na tabaka la kuhifadhi joto na mfumo wa umeme wa kuyapasha mafuta, ili yabaki juu ya nyuzi 50 njia nzima.

Kwa kipimo cha uzito peke yake, mafuta hayo si mazito kama lami ya Kanada. Hata hivyo, yakitoka kwenye bomba na kupoa huwa mazito mkononi mwa anayeyazoa, na vifaa vingi vilivyobuniwa kwa mafuta mepesi vinashindwa kuyashika. Mwongozo huu umeandikwa kwa wale ambao sheria imewapa kazi ya kumuuliza mwendeshaji maswali, yaani wakaguzi, maafisa mazingira wa wilaya na wajumbe wa kamati za usalama. Nimeuandika nikiamini kwamba mdhibiti anayepokea mpango wa dharura, akahesabu sura zake na kuugonga muhuri, hajadhibiti kitu. Mpango unapimwa kwa mafuta yanayopita ndani ya bomba husika, mahali linapopita, na kwa saa chache za mwanzo.

Hatua ya 1: Panga mamlaka kabla ya kwenda uwanjani

Nchini Uganda kazi hii imegawanywa. Mamlaka ya Petroli, yaani PAU, husimamia shughuli za mafuta kwa mujibu wa sheria mbili za mwaka 2013, moja ya utafutaji na uzalishaji, nyingine ya usafishaji, usafirishaji na uhifadhi. NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya mazingira, inashika Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 pamoja na kanuni za mwaka 2020 zinazohusu kuzuia umwagikaji wa mafuta, kujiandaa nao na kuukabili. Ofisi ya Waziri Mkuu inaratibu maafa, Wizara ya Maji ina neno lake kuhusu mito na maziwa, na ndani ya hifadhi kuna Mamlaka ya Wanyamapori. Bomba la EACOP lina pia sheria yake maalumu ya mwaka 2021.

Andika kwenye karatasi moja, si katika kitabu, ni nani anayepokea taarifa ya kwanza, nani anaamuru uzalishaji usimame, nani anaidhinisha matumizi ya kemikali, na nani anazungumza na wananchi. Penye majina mawili katika nafasi moja, suala hilo limalizwe leo mezani. Usiku wa ajali hakuna atakayekuwa na muda wa kulijadili.

Hatua ya 2: Dai tabia za mafuta yenyewe, si za mafuta kwa jumla

Mwombe mwendeshaji matokeo ya maabara ya mafuta yatakayopita katika bomba lake: uzito kwa ujazo, joto la kuganda, kiasi cha nta, na mnato, yaani ugumu wake wa kutiririka, katika nyuzi 20, 25, 30 na 60. Vipimo vitatu vya mwanzo ni muhimu kuliko cha mwisho. Nyuzi 60 ni hali ya ndani ya bomba, ilhali nyuzi 25 ndiyo hali ya mto au ziwa letu. Nimeona mipango inayotaja mnato wa joto la bombani pekee, kisha inapendekeza pampu za kunyonyea kana kwamba mafuta yatabaki na joto hilo baada ya kulala usiku kucha kwenye tope la kinamasi.

Baadaye uliza mambo matatu. La kwanza, mafuta yakimwagika juani juu ya ardhi kavu, je, yataganda kisha yayeyuke tena adhuhuri na kuendelea kusambaa? La pili, yakichanganyika na mchanga na tope la mto wakati wa masika, je, yataelea au yatazama? Maji yetu hayana chumvi, kwa hiyo ni mepesi kuliko maji ya bahari, na kitu kinachoelea kwa shida Tanga kinaweza kuzama kwenye Ziwa Viktoria. La tatu, je, kemikali ya kutawanya mafuta iliyotajwa kwenye mpango imepimwa kwa maji yasiyo na chumvi na kwa mafuta yaliyoganda? Kemikali nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa ajili ya bahari, na bonge la nta halitawanyiki kwa kunyunyiziwa. Mpango unaotegemea kemikali hizo kama silaha ya kwanza urudishwe.

Hatua ya 3: Kokotoa mwenyewe umwagikaji mbaya zaidi

Hapa ndipo wakaguzi wengi huchoka na kuichukua namba ya mwendeshaji kama ilivyo. Usifanye hivyo, kwa maana hesabu yenyewe ni ya darasani. Kanuni ya Marekani inayohusu mipango ya mabomba hutumia njia ambayo mtu yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuifuata: chukua muda mrefu kabisa wa kugundua uvujaji, ujumlishe na muda wa kusimamisha pampu na kufunga vali, zidisha kwa kasi ya juu ya mtiririko, kisha ongeza mafuta yatakayochuruzika kutoka kwenye kipande kilicho kati ya vali baada ya kufungwa.

Tuifanye kwa bomba la inchi 24. Mtiririko unaotajwa kwa EACOP ni mapipa 216,000 kwa siku, sawa na mapipa 9,000 kwa saa, au 150 kwa kila dakika moja. Kilomita moja ya bomba la upana huo inabeba takriban mapipa 1,700. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba uvujaji umegunduliwa baada ya dakika 30, pampu zimesimama na vali zimefungwa baada ya dakika 15 nyingine, na bomba limekatika bondeni ambapo kilomita 8 za mteremko zinaelekea kwenye tundu. Dakika 45 ni mapipa 6,750, na kilomita 8 ni mapipa 13,600. Jumla inapita mapipa 20,000.

Angalia kilicho kikubwa katika hesabu hiyo. Theluthi mbili ya mafuta imetoka baada ya kila mtu kufanya kazi yake vizuri, kwa sababu tu vali ziko mbali. Kwa hiyo usiulize bomba lina vali ngapi, bali dai mchoro unaoonyesha mwinuko wa ardhi na mahali penye kila vali, kisha weka kidole kwenye kila bonde lenye mto na uulize: vali ya juu iko wapi, inafungwa kwa umeme kutoka mbali au inahitaji mtu afike, na umeme ukikatika inafungwa na nini? Mwendeshaji atakujibu kwamba mafuta yenye nta yataganda kabla ya kuchuruzika yote. Huenda akawa na haki kwa sehemu, lakini bomba lililofunikwa dhidi ya kupoa hupoa polepole, na hoja hiyo haipaswi kukubaliwa bila hesabu ya saa inazochukua.

Hatua ya 4: Kaa ndani ya chumba cha udhibiti

Tarehe 25 Julai 2010, bomba la kampuni ya Enbridge lilipasuka karibu na mji wa Marshall katika jimbo la Michigan, Marekani. Lilikuwa limebeba lami iliyolainishwa kwa mafuta mepesi. Katika chumba cha udhibiti kilichokuwa Edmonton nchini Kanada, ving'ora vililia. Waliokuwa zamu wakavitafsiri kuwa ni nafasi tupu iliyojitokeza ndani ya bomba baada ya pampu kuzimwa kama ilivyopangwa, wakawasha pampu upya mara mbili ili kuijaza. Saa 17 zilipita. Aliyewaambia kwamba mafuta yako mtoni alikuwa mfanyakazi wa kampuni nyingine, ya gesi, aliyekuwa kwenye eneo hilo. Bodi ya usalama wa usafirishaji ya Marekani ilipochunguza ilikuta kwamba asilimia 81 ya mafuta yote yaliyomwagika yalisukumwa wakati wa kuwasha pampu huko mara mbili.

Sehemu nyepesi ya mafuta hayo ilipeperuka hewani, na iliyobaki ikajichanganya na tope na kuzama chini ya mto Kalamazoo, ambako vizuizi vinavyoelea havikuwa na kazi. Usafishaji ulihitaji kuchimba sakafu ya mto na ukagharimu zaidi ya dola bilioni 1. Uchunguzi huohuo ulimgusa mdhibiti mwenyewe: ofisi ya serikali iliyopaswa kuhakiki mipango ya dharura ipatayo 450 ilikuwa na nguvukazi ya mtu mmoja na nusu tu kwa kazi hiyo. Mpango wa kampuni ulikuwa umeidhinishwa.

Kwa hiyo, mkaguzi aende akae chumba cha udhibiti zamu nzima, ikiwezekana ya usiku. Asikilize ni ving'ora vingapi vinalia kwa saa moja na vingapi vinanyamazishwa bila kuandikwa. Aulize swali hili kwa mtu aliye zamu, si kwa meneja: “Ukiona msukumo umeshuka na hujui sababu, una dakika ngapi kabla hujalazimika kuzima, na ni nani mwenye uwezo wa kukuruhusu uwashe tena?” Jibu linalokubalika lina namba ya dakika, na ruhusa ya kuwasha haitolewi kwa simu na mtu ambaye hajaona takwimu wala hajamtuma mtu kuikagua njia. Kama jibu linaanza kwa “inategemea,” liandike neno kwa neno kwenye ripoti.

Hatua ya 5: Tembea njia ambayo mafuta yataifuata

Upande wa Uganda, EACOP ina kilomita 296 na inapita wilaya kumi, kuanzia Hoima na Kikuube, kupitia Kakumiro, Mubende na Gomba, hadi Rakai na Kyotera. Chagua vivuko vya maji vilivyo hatari zaidi, na kwa kila kimoja tembea kwa miguu kufuata maji yanakoelekea. Ramani ya satelaiti haitakuonyesha kisima ambacho kina mama wa kijiji huchota maji, mahali ng'ombe wanaponyweshwa, wala kalavati lililoziba.

Mafunjo yanastahili uangalifu wa pekee. Kinamasi cha mafunjo huyashika mafuta, jambo ambalo kwa masaa ya kwanza ni neema, kwani hayafiki ziwani. Baadaye hugeuka kuwa taabu, kwa maana mashine haiingii, mtu anazama hadi kiunoni, na kuyakata mafunjo yote kunaharibu kuliko mafuta yenyewe. Mwendeshaji aeleze kwa kila kinamasi kama atayaacha mafuta yashikwe ukingoni na kuyaokota kwa mikono, au ana njia nyingine, na NEMA imeshakubali lipi.

Kwenye vijito vidogo, ambavyo ndivyo vingi, uliza kuhusu bwawa la kupitisha maji chini. Hutengenezwa kwa kujaza mifuko ya mchanga au udongo kukata kijito, na ndani yake kulazwa vipande vya bomba la kawaida kwa mshazari, mdomo wa upande wa juu ukiwa umezama na ule wa upande wa chini ukiwa umeinuliwa. Maji hupita chini, mafuta yanayoelea hubaki nyuma ya bwawa. Huko Marshall vizuizi vinavyoelea viliwekwa kwenye kijito ambacho havikukifaa, wakati mabwawa ya namna hii yangeyazuia mafuta karibu na yalikotoka. Ni kazi ambayo vijana ishirini wa kijiji wenye majembe, wakiwa wamefunzwa, wanaweza kuimaliza kabla gari la kutoka Kampala halijafika. Ndiyo maana mifuko na vipande vya bomba vinapaswa kuhifadhiwa katika makao makuu ya kata, si katika bohari la mkandarasi.

Hatua ya 6: Hesabu vifaa kwa mikono na muda kwa saa ya mkononi

Orodha ya vifaa isikaguliwe ofisini. Fungua kontena. Tazama kama mashine za kuokota mafuta ni za brashi au mkanda, zinazoweza kubeba mafuta mazito, au ni zile zinazosubiri mafuta yamiminike zenyewe juu ya ukingo, ambazo nta huziziba mara moja. Uliza kama pampu na matangi ya muda yana namna ya kupasha joto, kwa sababu mafuta yaliyoganda ndani ya tangi hayatolewi tena kwa mpira. Washa injini. Kagua tarehe ya mwisho ya barakoa na vipimo vya gesi, maana mafuta yanapotoka yakiwa ya moto hutoa mvuke unaodhuru mapafu na unaoweza kuwaka.

Kuhusu muda, Marekani inawataka waendeshaji waonyeshe kwamba kundi la kwanza la vifaa litafika ndani ya saa 12, au saa 6 pale ambapo bomba pana linavuka mto mkubwa au maji yanayopitiwa na vyombo. Kwangu mimi hata saa 6 ni nyingi pale ambapo kijito kinaingia ziwani baada ya mwendo mfupi. Lakini muda wowote utakaowekwa kwenye kibali upimwe kwa lori halisi, lililobeba mzigo halisi, katika mwezi wa Aprili au Novemba, barabara ya marram ikiwa imeloa. Kasi ya kilomita 60 kwa saa iliyoandikwa kwenye jedwali haijawahi kukutana na kilima chenye utelezi.

Hatua ya 7: Fanya zoezi la kushtukiza

Zoezi linalotangazwa wiki mbili kabla ni sherehe. Liwepo, kwa kuwa watu hujifunza, lakini lisihesabiwe kuwa kipimo. Kwa kipimo, mdhibiti apige simu saa nane usiku, aseme kwa utaratibu uliokubaliwa kwamba hili ni zoezi, ataje kivuko kimoja, kisha aanze kuhesabu dakika.

Katika ukaguzi mmoja wa kituo cha kuhifadhi mafuta, ambacho sitakitaja, nilikabidhiwa mpango mzuri wenye jalada gumu. Nikaufungua ukurasa wa mawasiliano na kuanza kupiga namba, moja baada ya nyingine, mbele ya wenyeji wangu. Kati ya namba tano, mbili zilipatikana. Mmoja wa waliopokea alisema, kwa upole kabisa, kwamba aliacha kazi hiyo muda mrefu na sasa yuko shambani anavuna kahawa. Nilipotoka, mlinzi wa getini akaniuliza zile karatasi nyekundu ukutani zinasema nini. Zilikuwa maelekezo ya dharura kwa Kiingereza, naye alikuwa mtu wa Kiswahili na Runyoro.

Tangu hapo sikubali mpango ambao ukurasa wake wa kwanza wa vitendo haupo kwa lugha za watu watakaoutumia. Mlinzi wa vali, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na mtangazaji wa redio ya wilaya ndio watakaojua kwanza, na kama mkasa wa Marshall ulivyoonyesha, mara nyingi habari huletwa na mtu wa nje. Zoezi lianze hivyo wakati mwingine: mwanakijiji apige namba ya dharura iliyoandikwa kwenye nguzo za alama za bomba, nawe uone inachukua muda gani hadi taarifa yake iaminiwe.

Hatua ya 8: Fedha

Sheria yetu inafuata kanuni kwamba mchafuzi ndiye anayelipa. Hakikisha kuna bima au dhamana inayolingana na namba ya Hatua ya 3, si na namba ya mwendeshaji, na kwamba fedha za siku za kwanza zinaweza kutolewa bila kusubiri kikao cha wanahisa. Weka pia utaratibu wa kupima visima, udongo na samaki sasa, kabla ya tukio lolote, la sivyo mkulima atakayedai fidia hatakuwa na cha kulinganisha.

Hatua ya 9: Mpaka hauzuii maji

Bomba linavuka mto Kagera upande wa Tanzania, lakini mto huo, kabla ya kumwaga maji katika Ziwa Viktoria, hupinda na kuingia Uganda. Umwagikaji uliotokea ng'ambo unaweza basi kufika kwa wavuvi wa Kyotera bila kupita kituo cha Mutukula. Makubaliano ya serikali hizi mbili yalitiwa saini mwaka 2017. Kazi ya mkaguzi ni kuuliza namba ya simu. Afisa wa zamu wa upande huu anampigia nani upande ule, kwa lugha gani, na vifaa vilivyoko Kyotera vinaruhusiwa kuvuka forodha ndani ya muda gani? Ombeni kibali cha kuvuka kisainiwe mapema, kikiwa na orodha ya magari na namba zake, na kila zoezi la pili lifanywe kwa pamoja. Kiswahili kitatosha.

Hatua ya 10: Andika matokeo yenye tarehe

Kila kasoro iandikwe kwa sentensi moja, ikiwa na mahali, ushahidi na siku ya mwisho ya kurekebishwa. “Mwendeshaji aimarishe uwezo wake” ni maneno matupu. “Vali ya juu ya kivuko cha tatu iwekewe chanzo cha pili cha umeme kabla ya tarehe 30 ya mwezi ujao, na mdhibiti ashuhudie ikifungwa” ni amri inayoweza kukaguliwa. Nakala ipelekwe kwa afisa mazingira wa wilaya na muhtasari wake ubandikwe makao makuu ya kata, isipokuwa zile habari za usalama wa vali ambazo zingemnufaisha mhalifu.

Mwendeshaji akiomba kuongezewa muda, na ataomba, mpe mara moja ikiwa sababu ni ya kweli, kama kifaa kilichokwama bandarini, lakini sharti aeleze kwa maandishi atafanya nini kwa sasa badala yake: kupunguza msukumo katika kipande hicho, kuweka mlinzi kwenye vali usiku na mchana, au kuleta mashine ya kukodi. Akiomba mara ya pili kwa kasoro ileile, peleka jalada kwa anayeshika kibali, likiwa na hesabu yako ya mapipa juu kabisa.